Pembe za Ndovu Kwenye Mashine ya Wakati

Mashine aliyoibuni H. G. Wells katika riwaya yake fupi ya mwaka 1895, The Time Machine, si ya chuma kitupu. Sehemu zake nyingine ni nikeli, nyingine shaba, nyingine zimechongwa kwenye jiwe angavu mfano wa bilauri, na nyingine ni pembe za ndovu. Msafiri anaporudi kwa wageni wake, kachoka na kachafuka, anawaambia kwamba upau mmoja wa pembe umepata ufa na reli ya shaba imepinda, ila kwingineko mashine ni nzima. Anayesoma mara ya kwanza hupita hapo mbio, maana anachotaka ni kujua huko mbele kulikuwa na nini. Anayesoma mara ya pili, hasa akiwa amekulia upande huu wa Ziwa Victoria, inampasa asimame. Pembe ile ilitoka wapi?

Karne ya 19 Zanzibar ndiyo ilikuwa lango kubwa la pembe za Afrika Mashariki. Njia ya misafara iliyozifikisha Bagamoyo ilikanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma, mzigo begani, mwezi baada ya mwezi. Wells hasemi lolote kuhusu hilo. Kwake pembe ni malighafi ya fundi, basi. Lakini ameiweka kwenye mashine, ameitia ufa, halafu ameinyamazia. Kimya kama hicho ndicho mahali halali pa mtunzi shabiki, yaani anayetunga hadithi mpya juu ya kitabu anachokipenda, kuingiza kalamu yake, na hoja ya makala haya ni hiyo: hadithi za mashabiki kuhusu safari za wakati zinaharibika kwa sababu ya kusoma mara moja, wala si kwa uhaba wa ubunifu. Mtu anamaliza kitabu usiku, asubuhi anaandika sehemu ya kwanza, na kufika sehemu ya nne ameshavunja sheria za kitabu anachokipenda bila kujua kwamba zilikuwepo.

Kurudia kusoma kuna maana ya pekee kwa riwaya za aina hii. Msomaji anayerudi ukurasa wa kwanza anakuwa katika hali ileile ya msafiri: anajua atakayekufa, anajua kosa liko wapi, na hana uwezo wa kulizuia. Octavia Butler alilijua hilo vizuri. Katika Kindred, riwaya ya mwaka 1979, Dana ni mwanamke Mweusi wa California mwaka 1976 anayevutwa hadi kwenye shamba la watumwa Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19. Mstari wa kwanza kabisa unatueleza kwamba alipoteza mkono wake katika safari ya mwisho ya kurudi nyumbani. Tumeshapewa mwisho, lakini mara ya kwanza hatujui tuutumieje. Mara ya pili kila mahali mkono ule unapotajwa, ukifua, ukiandika, ukishikwa na Rufus, mtoto wa mwenye shamba, msomaji anakaza macho.

Kabla ya kwenda mbele, tusichanganye hili na mbinu rejeshi tuliyofundishwa shuleni. Kwenye mbinu rejeshi anayerudi nyuma ni msimulizi, mhusika yuko palepale alipo. Kwenye safari ya wakati anayerudi ni mhusika mwenyewe, pamoja na njaa yake, kidonda chake, madeni yake na yote anayoyakumbuka. Anazeeka huko aliko. Kwa hiyo mtunzi ana saa mbili za kutunza, ya dunia na ya mwili wa msafiri, na makosa mengi huzaliwa pale zinapopishana.

Usomaji wa pili, basi, ufanyike na daftari la kaunta na kalamu za rangi mbili. Piga safu tano: ukurasa, tarehe na saa ya dunia, muda ambao msafiri ameishi tangu hadithi ianze, alichobeba na hali ya mwili wake, na anachokijua hadi hapo. Rangi moja ni ya yale ambayo kitabu kimeyasema waziwazi, nyingine ni ya yale uliyoyakisia. Usichanganye rangi. Riwaya fupi kama ya Wells itakupa mistari 30 hadi 40. Kindred, yenye safari sita, igawe mafungu sita na kila fungu ulipe kurasa zake. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na hakuna njia ya mkato.

Tuitazame Alhamisi ya Wells kwa karibu. Mashine ilikuwa iwe imekamilika mapema zaidi, lakini upau mmoja wa nikeli ulikutwa umepungua inchi moja kamili, kama sentimita 2.5, ikabidi utengenezwe upya. Ikakamilika saa nne asubuhi. Msafiri anajaribu wenzo kidogo tu, anatazama saa ya ukutani: muda mfupi uliopita ilikuwa saa nne na dakika moja hivi, sasa inakaribia saa tisa na nusu alasiri. Baadaye anawaambia wageni kwamba saa kumi alikuwa maabarani mwake, na tangu hapo ameishi siku nane. Anaingia sebuleni karibu saa mbili usiku, wenzake wameshaanza kula. Kwa saa ya dunia, ni chini ya saa nne. Kwa saa ya mwili, siku nane. Na Wells haachi jambo hilo lisimame kwa maneno ya msafiri peke yake: kidevuni ana mkato wa rangi ya kahawia, umeshaanza kupona. Hakuna mkato unaoanza kupona kwa saa nne. Ushahidi wote wa safari umewekwa kwenye kovu dogo ambalo hakuna mgeni anayeliuliza, na liko kwenye safu ya nne ya daftari lako, ile ambayo watunzi wengi huiacha wazi.

Hapohapo Kiswahili kinatuletea mtego na neema. Mtego ni wa saa. Kitabu kinasema nne jioni kwa hesabu ya Kizungu, simu inaonyesha 16:00, nasi tunasema saa kumi. Mtunzi mwenye haraka anaandika "saa nne" na msafiri wake anaondoka kabla mashine haijakauka rangi. Chagua saa za Kiswahili tangu mstari wa kwanza, na kila saa uifunge na asubuhi, mchana, alasiri, usiku au alfajiri. Neema ni ya siku. Kwa hesabu ya wazee siku inaanza magharibi jua linapozama, kwa hiyo msafiri wa Wells aliondoka Alhamisi alasiri akarudi usiku wa Ijumaa. Mwandishi wa Kiingereza hana mpaka huo wa machweo. Sisi tunao, na unapendeza sana kwenye hadithi ya mtu anayevuka siku. Ila ukitaka kuutumia, andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kila mara. "Ijumaa usiku" inaeleweka kwa namna mbili, na kwenye hadithi hizi siku moja ikiteleza, mtu anakutana na nafsi yake mlangoni pasipo mtunzi kupanga.

Sasa sheria ya mahali, ambayo naona ndiyo inayovunjwa kuliko zote. Mashine ya Wells inasafiri katika wakati tu, mahali haihami. Ushahidi umo katika sentensi chache karibu na mwisho. Mashine iliondokea kona ya kusini mashariki ya maabara, ikarudi ikiwa kaskazini magharibi, imeegemea ukuta, kwa sababu huko mwaka 802,701 Wamorlock, viumbe wanaoishi chini ya ardhi, waliiburuta kutoka kwenye uwanja wa nyasi hadi ndani ya msingi wa sanamu. Umbali walioiburuta ndio umbali iliosogea maabarani. Ni hesabu safi kabisa, na inakataza hadithi nzima ambazo watunzi wa huku wangependa kuziandika: huwezi kuvuta wenzo Richmond, Uingereza, ukaibukia Kapripoint, Mwanza.

Unaweza, hata hivyo, kuileta mashine kwa njia ya mizigo. Hapo ndipo hadithi inapopata nyama. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Meli ndogo ya mvuke William Mackinnon, ambayo yenyewe ililetwa kwa vipande na kuungwa ziwani, iliteremshwa majini mwaka 1900. Kuanzia 1902, basi, sanduku lenye mashine linaweza kupanda meli Uingereza, likashuka Mombasa, likapanda treni, likavuka ziwa hadi Mwanza, ambako Wajerumani walikuwa na kituo tangu 1892. Sheria ya Wells haijaguswa. Pembe ya ndovu imerudi ilikotoka, imepita baharini mara mbili, na mara ya pili imepita kama mali ya Mzungu ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Mpagazi mzee anayesaidia kulishusha gatini angeitambua kwa kuigusa.

Ikishafika, uiweke wapi? Swali hili litazamwe kama fundi anavyotazama msingi wa nyumba. Wells mwenyewe anaeleza hatari: mashine ikiwa kasi inapenya vitu kama mvuke, lakini ikisimama mahali palipo na kitu kingine, chembe zao zinagongana. Sokoni hapafai, leo pana ukuta, kesho pana kibanda. Ufukweni hapafai zaidi. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yalipanda tena hadi nyumba za pembeni zikaingiliwa. Msafiri anayeondoka mwaka 1959 akiwa amekaa mchangani, miguu mikavu, akisimama 1964 anaweza kujikuta maji yamemfunika kichwa. Na akirudi nyuma sana mambo yanageuka: kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita ziwa hili lilikauka. Mtu akivuta wenzo katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi, kuelekea wakati huo, ataanguka. Sehemu yenye kina kirefu inafikia mita 80 hivi. Anaanguka urefu wa jengo la ghorofa zaidi ya 20, juu ya majani makavu, mahali ambapo furu na kamongo wangekuja kuogelea baadaye.

Kinachobaki ni miamba. Matale ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa safari ya miaka laki nane ni kama hayakusogea. Mtunzi anayemweka msafiri wake juu ya mwamba ulio wazi, mbali na nyumba za mlimani zilizobanwa kati ya mawe, anaonyesha kwamba ameisoma sheria na ameusoma mji. Jiwe la Bismarck lenyewe halifai, kwa kuwa juu yake jiwe moja limekaa juu ya jingine na hakuna pa kutua. Chagua mwamba bapa.

Kindred ina sheria nyingine kabisa, nayo haina mashine. Rufus akihofia kufa, Dana anavutwa kwake. Dana akihofia kufa, anarudi nyumbani. Anachokishika kinakwenda naye, na ndivyo mumewe Kevin alivyofika huko. Kosa ninaloliona la kawaida kwa kitabu hiki ni kutengeneza kanuni ya ubadilishaji, kama vile saa moja huku ni mwezi mmoja kule. Kitabu hakina kanuni hiyo. Safari ya kwanza Dana anakaa kule dakika chache, nyumbani zinapita sekunde. Baadaye Kevin anaachwa kule miaka mitano, wakati kwa Dana nyumbani zimepita siku chache tu. Ukipiga hesabu uwiano unakataa kutulia, na sioni kuwa ni uzembe wa mwandishi: kinachomvuta Dana ni hofu, na hofu haina saa ya ukutani. Mtunzi shabiki aandike muda wa kila safari kama ulivyo, asijaribu kuunyoosha. Tena asisahau kumzeesha Kevin. Miaka mitano ni mvi, ni lafudhi iliyobadilika, ni mtu asiyejua tena kutumia jiko lake mwenyewe.

Ukishaijua sheria, kazi inayofuata ni vitu vya zama, na hapa mtu wa Mwanza ana mali ambayo mtunzi wa mbali hawezi kuipata. Mhusika aliyetua hapa mwaka 1950 hawezi kuagiza sangara. Sangara waliingizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakaja kujaa miaka ya 1980, na kuja kwao kulifuta aina nyingi za furu. Mpe ngege, mpe ningu, mpe kambale. Mhusika wa mwaka 1895 asitamke neno "hela": limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyogawanya rupia mara 100 kuanzia 1904. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966. Kabla yake ilikuwa ya Afrika Mashariki. Anayekwenda Sengerema mwaka 2015 lazima akapange foleni ya pantoni Kigongo, kwa kuwa daraja la kwenda Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ile inaweza kubeba sura nzima: mtu kutoka 2026 amesimama na mzigo, anatazama maji matupu mahali ambapo jana yake alipita kwa gari dakika chache.

Kwa ukale zaidi, chanzo bora kiko Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo lake la Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, lilitoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mtunzi akitaka kujua pombe ilivyopikwa, mkwe alivyoposwa, mgonjwa alivyotibiwa kabla ya wageni kuja, yote yamo, hatua kwa hatua, kwa subira ambayo vitabu vya historia havina. Asome pia kwa ajili ya lugha. Mhusika anayetua kijijini kando ya ziwa miaka ya 1870 na kuanza kuzungumza Kiswahili cha redioni, na kila mtu akamwelewa, amekwisha kupoteza imani ya msomaji. Wangemjibu kwa Kikerewe, Kijita au Kisukuma. Kiswahili kingetoka kwa mtu wa msafara.

Mbalamwezi nayo ihesabiwe. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, taa ndizo zinazomwita samaki. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Ukiandika usiku wa karabai mia zikielea ziwani, hakikisha mwezi wa tarehe hiyo. Njia rahisi ni Idi. Tafuta Idi el-Fitri ya mwaka huo iliangukia lini, hapo mwezi ndio umeandama. Ongeza siku 13 au 14 unapata mwezi kamili, kisha endelea kwa mizunguko ya siku 29 na nusu.

Nije kwenye sarufi, kwa kuwa naiona kuwa ndiyo zana kubwa kuliko zote tulizo nazo. Darasani tulifundishwa tofauti ya -nge- na -ngali-. "Asingepanda meli ile, angekuwa salama" inaacha mlango wazi. "Asingalipanda meli ile, angalikuwa salama" inaufunga, jambo limepita. Katika mazungumzo ya kila siku tunazichanganya, na hakuna anayeumia. Kwenye hadithi ya safari za wakati tofauti hiyo ni taharuki yenyewe. Mhusika mwenye majuto azungumze kwa -ngali- katika kurasa za kwanza zote. Siku anapogundua kwamba kuna njia ya kurudi, -ngali- yake igeuke -nge-, bila maelezo, ndani ya sentensi ileile aliyokuwa akiirudia. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kabla hajajua ameshtushwa na nini. Na mwishoni, njia ikifungwa, irudishe -ngali-. Sijui lugha nyingi zinazoweza kufanya hivyo kwa silabi moja.

Kiambishi -ka- kina kazi yake. Kinapanga matukio kwa kufuatana: akaamka, akanawa, akatoka. Lakini kufuatana kwa nani? Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba -ka- ifuate saa ya mwili wa msafiri, na tarehe za dunia zitumie -li-. Hapo unaweza kuandika "akamzika babu yake, akapumzika kidogo, akaenda kumtazama akizaliwa," na sentensi ikasimama wima, kwa sababu ndivyo msafiri alivyoyaishi. Ukiichanganya mara moja tu, msomaji hatajua tena yuko upande gani.

Liko jambo moja zito ambalo mtunzi wa Mwanza hatalikwepa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imeshakaribia Mwanza. Waokoaji walipotoboa chuma ili kuwatoa waliokuwa hai ndani, hewa ikatoka na meli ikazama. Makaburi yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Mtu yeyote anayeanza kuandika safari za wakati kando ya ziwa hili ataifikiria asubuhi ile ya 1996, na atataka kumpeleka mtu gatini mapema akaizuie meli. Nimewaza sana juu ya hili, na msimamo wangu ni kwamba meli isizuiwe. Hadithi inayoizuia inawachukulia waliofiwa kama watu wanaohitaji kufutiwa msiba, na ukurasa ukifungwa msiba uko palepale. Butler anatuonyesha njia nyingine: Dana hafuti utumwa, anapigania uzi mmoja, kwamba Hagar, bibi wa ukoo wake, azaliwe. Basi chukua uzi mmoja. Karibu kila chombo kinachozama huwa na watu waliochelewa kukipanda, na wengi wao hawajui hadi leo walichelewa kwa nini hasa. Msafiri wako awe ndiye sababu: aliyeuliza njia, aliyemwaga chai, aliyeng'ang'ania kurudishiwa chenji. Hakuna kilichoandikwa kwenye kumbukumbu kinachobadilika, duara limefungwa, na mtu mmoja anatembea juu ya nchi kavu. Mtu huyo mbuni mwenyewe. Jina la marehemu wa kweli au la familia ya kweli lisiguswe.

Duara lina ugonjwa wake: kitu kisicho na chanzo. Bibi anampa mjukuu saa ya mkononi, mjukuu anarudi nyuma na kumpa bibi akiwa binti, bibi anakaa nayo miaka 50 na kumpa mjukuu. Nani aliitengeneza? Tena saa hiyo inachakaa miaka 50 kila mzunguko, kwa hiyo haiwezi kuwa ileile mwanzo na mwisho. Wahakiki wangeliita hili kweli kinzani. Fundi saa angesema tu kwamba springi imekwisha. Dawa ni mbili. Ama kinachozunguka kiwe habari badala ya kitu, wimbo au jina au dawa ya majani, maana habari haichakai. Ama kitu kifanyiwe matengenezo ndani ya duara hadi kisiwe na kipande hata kimoja cha zamani, na matengenezo hayo yaandikwe.

Upo pia ugonjwa wa uchapishaji. Hadithi zetu nyingi husambazwa kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, maneno 500 au 600 kwa siku, "itaendelea kesho". Mapenzi yanavumilia mtindo huo. Safari za wakati hazivumilii, kwa sababu sehemu ya 12 inategemea kitu kilichowekwa sehemu ya 2, na sehemu ya 2 imeshasomwa na watu mia mbili; huwezi kuirudia. Maliza hadithi yote kwanza. Ukishindwa kusubiri, basi maliza jedwali la safu tano hadi mstari wa mwisho, kisha andika sura ya mwisho, na ndipo utoe ya kwanza. Kwa hadithi ya maneno 5,000 safari mbili zinatosha. Ya tatu hula nafasi ya wahusika. Muhtasari wa kitabu asilia usizidi aya moja. Anayekipenda anakijua, na asiyekijua atakitafuta.

Kuhusu haki, kwa kifupi: Wells alifariki 1946 na ulinzi wa hakimiliki wa The Time Machine umekwisha, kwa hiyo mtunzi yuko huru hata kuuza. Butler alifariki 2006, Kitereza 1981, na kazi zao bado zinalindwa. Andika kwa mapenzi, taja jina la mwenye kazi, usinakili aya zake, usitoze fedha.

Turudi kwenye pembe. Usiku ule wa Alhamisi wageni wanapelekwa maabarani na taa, na msimulizi, mmoja wao, anaigusa mashine. Kwenye pembe pana madoa ya kahawia, chini pamenasa nyasi na kuvumwani, reli imepinda. Msafiri anapitisha mkono juu ya reli iliyoharibika. Kesho yake msimulizi anamkuta na kamera ndogo mkono mmoja na mkoba mwingine. Anaomba nusu saa. Miaka mitatu inapita hajarudi. Nimepitia kurasa hizo mstari kwa mstari nikitafuta mahali paliposemwa kwamba upau wenye ufa umebadilishwa, na hakuna. Aliondoka nao. Safu ya nne, mstari wa mwisho, kwa rangi ya yale yaliyosemwa waziwazi: upau mmoja wa pembe, una ufa. Mstari unaofuata uko wazi, na mahali pa karibu pa kupata pembe nyingine nzuri, mwaka wowote kabla ya bunduki kuwamaliza ndovu, ni huku.